Modeli inapendeza kwenye skrini ila ndani haikaliki, nyie mnaanzia wapi mkidizaini?

dada_wa_studio

Habari za muda huu wakuu. Nasoma usanifu majengo, mwaka wa tatu, na nina jambo limeninyima usingizi wiki nzima, naomba wenye uzoefu mnisaidie na mnisamehe uzi utakuwa mrefu.

Muhula huu studio tumepewa maktaba ndogo ya kata. Kiwanja kiko Tanga, Ngamiani, kule kwenye barabara za namba, ni cha kona, mita 24 kwa 30, barabara ya vumbi iko magharibi. Watakaoitumia ni watu wazima wanaokuja asubuhi kusoma magazeti, na watoto wa shule za jirani wanaotoka darasani kuanzia saa nane mchana.

Mimi nilivyopokea tu maelezo ya kazi nikafungua SketchUp, programu ya kuchora majengo kwa 3D, nikaanza kuvuta masanduku, juu, chini, pembeni, siku ya pili tayari nina jengo. Ukumbi wa kusomea mita 9 kwa 14, dari mita 4 na nusu. Nikawasha kivuli cha programu nikaona jua linapiga kusini mwaka mzima, basi kusini nikaweka luva za zege (vibao vya kukinga jua) na kaskazini nikaacha kioo kitupu kutoka sakafuni mpaka darini, kioo kisichofunguka ili kipendeze. Magharibi ndo lango kuu, nako kioo. Nikaenda kurenda, yani kuigeuza modeli iwe picha kama ya kweli, nikapanga miti, watu, mawingu, picha zikatoka nzuri mpaka wenzangu wakawa wanakuja mezani kwangu kuangalia.

Siku ya jopo mwalimu mmoja akaziangalia muda mrefu bila kusema kitu, alafu akaniuliza, mtoto wa darasa la nne akiingia humu saa nane mchana na joto lile la Januari atakaa wapi? Nikamwonyesha meza. Akasema hizo meza umezipakua mtandaoni, mimi nakuuliza atakaa wapi. Nikakosa jibu. Mwingine akasema ukumbi huu ungeweza kuwa wa benki au wa kusubiria ndege, hakuna kinachosema maktaba.

Nimerudi hosteli nimefungua ile modeli nikatembea ndani taratibu kona kwa kona na kweli hakuna hata sehemu moja ambayo mimi mwenyewe ningeenda kukaa na kitabu. Hicho ndo kimeniumiza kuliko maksi.

Sasa naomba kujua, nyie mnaanza na karatasi au kompyuta? Mnajuaje chumba kimekaa vizuri wakati bado ni mistari tu? Alafu laptopu yangu ina RAM gigabaiti 8, nikiweka miti inaganda kabisa. Picha mbili nimeambatanisha. Nina wiki tatu za kurekebisha.

kusi_kaskazi

Mdogo wangu pole na hongera kwa kuuliza, wengi wanarudi hosteli wanabadilisha rangi ya kuta basi.

Kabla hatujafika mbali fungua faili lako, nenda kwenye taarifa za modeli, angalia sehemu ya mahali. Nina uhakika wa karibu wote kwamba hujaweka Tanga. Ukianza faili jipya bila kuiambia SketchUp uko wapi, yenyewe inachukulia uko Boulder, Colorado, Marekani, ndiko programu hiyo ilikozaliwa. Boulder iko nyuzi 40 kaskazini ya ikweta, kule jua la mchana liko kusini mwaka mzima, na hicho ndicho ulichokiona. Tanga iko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Kwetu jua linapita utosini mara mbili, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na katikati hapo, miezi kama 7, jua la mchana liko KASKAZINI. Yani ule ukuta wako wa kioo ndo unaopigwa. Juni saa sita na nusu mchana jua liko nyuzi kama 62 juu ya upeo wa kaskazini, kwa kioo cha mita 4 na nusu kisicho na kivuli linaingia ndani zaidi ya mita 2. Desemba linahamia kusini lakini liko juu sana, nyuzi kama 72.

Kwahiyo weka Tanga, weka saa za Afrika Mashariki, alafu hakikisha kaskazini ya modeli ni kaskazini ya kiwanja, maana mhimili wa kijani programu inauhesabu ndo kaskazini na sisi wote tuna tabia ya kunyoosha jengo lifuate mhimili ili kuchora kuwe rahisi. Kosa hili nimelifanya kwenye kazi ya kweli ya mteja, tukaligundua wakati lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha) imeshamwagwa, sitalisahau.

Ukishaweka sawa fanya hesabu hii kwa mkono. Dirisha lenye urefu wa mita 1.8 kutoka kizingiti cha chini mpaka chini ya paa, upande wa kaskazini linataka paa litokeze karibu mita 1 ili jua la mchana wa Juni lisiguse kioo. Kusini sentimita 60 zinatosha. Magharibi hakuna paa litakalokusaidia, saa kumi na moja jioni jua liko nyuzi 20 hivi, linakuja usoni. Na mtoto wako anaingia saa nane anatoka saa kumi na moja, kwahiyo jua LAKE ni la magharibi, na magharibi umemwekea kioo.

Na Januari je? Januari upepo ni kaskazi, unatoka kaskazini mashariki, na wewe kaskazini umeziba na kioo kisichofunguka. Kuanzia Aprili unakuja kusi, huo unakutana na luva zako za zege. Kumbe swali la mwalimu lilikuwa la upepo. Alikuuliza mtoto atakaa wapi kwa sababu alikuwa ameshaona hakuna mahali hewa inapita.

Jambo lingine, hizo picha zako upana wa jicho, yani pembe ambayo kamera inaona, umeuweka ngapi? Programu inaanza na nyuzi 35, wanafunzi wanaipandisha mpaka 80 au 90 ili chumba kionekane kikubwa. Ukumbi wako kwenye picha unaonekana kama uwanja. Rudisha 50 mpaka 60, kamera iweke mita 1.2 kutoka chini, hilo ni jicho la mtoto wa darasa la nne, tembea tena. Utashangaa unachokiona, kwa urefu ule kaunta yako ya kuazima vitabu ni ukuta.

Kuhusu karatasi au kompyuta, mimi naanza na sekshoni, yani mchoro wa jengo likiwa limekatwa wima, kwa penseli, kipimo 1 kwa 50. Sio plani ya kutazama kutoka juu, sekshoni, kwa sababu joto, mwanga na mvua vyote vinaonekana pale. Angalia sekshoni ya soko la Kariakoo, lile lililoungua Julai 2021, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970. Ile miavuli ya zege juu inatoa kivuli, inapokea mvua, na hewa ya moto inapata pa kutokea. Jengo zima unalielewa kwa mchoro mmoja. Au shule ya msingi ya Gando kule Burkina Faso ya msanifu Francis Kéré, ilikamilika 2001, bati limeinuliwa juu ya dari ya tofali za udongo yenye matundu, hewa inapita katikati, na kenchi zilichomelewa kwa nondo za kawaida tu. Hakuna lolote hapo linalohitaji kompyuta kubwa.

Poligoni

Mi natofautiana na mkuu hapo juu kwenye penseli. Mkono wangu ni mbaya, nikichora sioni kitu, nikisogeza masanduku kwenye Rhino, programu nyingine ya 3D, ndo nafikiri. Tatizo la dada sio kuanza na kompyuta, tatizo ni alianza na jengo. Siku ya pili ana kioo na luva! Mimi wiki ya kwanza sina ukuta hata mmoja, nina masanduku ya kijivu ya watu wanafanya nini, wawili wanasoma pamoja sanduku moja, mzee na gazeti lake sanduku, kundi la hadithi la watoto ishirini sanduku, nayapanga nayapangua kwenye kiwanja mara ishirini thelathini, kila mpangilio nauhifadhi kwa faili lake bila kufuta wa nyuma. Kwa penseli ningekuwa nimefanya mitatu nikachoka.

Kwenye laptopu, gigabaiti 8 zinatosha kabisa dada. Hiyo miti unayopakua mmoja una nyuso laki na zaidi, ukipanda kumi umemaliza mashine. Tumia miti bapa ile ya picha, au mti mmoja uufanye komponenti (kitu kimoja kinachorudiwa) uunakili, usilipue kuwa vipande. Zima kivuli wakati unachora, washa ukitaka kukiangalia tu. Safisha vitu visivyotumika kwenye faili kila siku kabla hujalala. Kuta zako zipe unene, naona kwenye picha ya pili ukuta hauna unene hata kidogo, umekuwa kama karatasi, ndo maana dirisha halina kina na mwanga unaonekana wa uongo. Kurenda hamia programu ya Blender, ni ya bure, ina njia mbili za kurenda, ukitumia Eevee inatoka haraka kwa kujaribu, Cycles iache iende usiku kwa picha za mwisho. Na nakala weka kwenye fleshi, umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi faili linaweza kuharibika, yalinikuta siku mbili kabla ya kukabidhi.

mzee_wa_kenchi

Mimi sio msomi wa hayo mambo, mimi ni fundi wa paa miaka mingi, nimejenga ramani za vijana wengi kwahiyo naomba niseme langu.

Binti, mvua ya masika Tanga unaijua. Kwenye picha yako paa limefichwa nyuma ya ukuta, hii mitindo ya kontemporari. Maji yanakwenda wapi? Kompyuta inakubali kila unachokichora, inaunganisha paa mbili kwenye kona hakuna gata hakuna mwinuko, inaonekana imeungana safi kabisa, lakini mimi nikipanda juu na bati zangu pale kwenye kona hapaungani, au panaungana kwa silikoni, na silikoni kwa jua letu haidumu. Maktaba ikivuja ni vitabu vinalowa.

Nakuomba kitu kimoja. Kwenye hiyo modeli yako jenga kama mimi ninavyojenga. Anza msingi, panga tofali zenye vipimo vyake, inchi 6 kwa 9 kwa 18, piga lenta, panga kenchi moja moja, alafu ndo lala bati. Utajua mwenyewe pale ambapo hapajengeki kwa sababu utakosa pa kuegemeza kenchi. Kijana mmoja aliwahi kuniletea ramani aliyoitengeneza hivyo, tulibishana mara moja tu kazi nzima.

BintiWaShela

Assalaam aleikum nyote. Mimi niko Lamu, nimefanya kazi ya kupima nyumba za kale za mawe kwa muda na sasa nasaidia kuzichora kwenye kompyuta, kwa hivyo hili swali limenigusa.

Dada umeulizwa mtoto atakaa wapi. Ingia nyumba ya kale ya huku uone jibu lilivyo la zamani. Kwanza unaanzia daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe pande mbili, pale ni mtu wa nje, hajaingia lakini hayuko barabarani. Ukipita unapinda, huoni ndani moja kwa moja, unatokea kiwandani, ua wa wazi, mwanga mwingi. Kutoka hapo vyumba vinafuatana kwenda nyuma, msana wa kwanza, msana wa pili, kisha ndani, na kila ukisogea kunapungua mwanga na kunapungua kelele. Vyumba vyenyewe ni vyembamba na virefu kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko na boriti haifiki mbali, ndio maana upana hauvuki sana mita 2 na nusu au 3. Mti wa mkoko ndio uliopima chumba. Na mwili wa mtu unakijua chumba cha upana huo, unajisikia umeshikwa.

Ukumbi wako ni mita 9 kwa 14. Sisemi ni vibaya, lakini mtoto mmoja na kitabu katikati ya mita 126 za mraba amepotea. Fikiria jengo lako kama zile tabaka. Gazeti la asubuhi liwe dakani, karibu na barabara, wazee wapo watasemezana na wapita njia, ndivyo wanavyotaka. Hadithi za watoto ziwe uani. Kimya kiwe nyuma.

Na ukuta wa magharibi aliousema kusi_kaskazi, usiuone kama adui. Kuta za huku ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na ndani yake watu walichonga zidaka, vishimo vya ukutani, za kuweka vyombo. Ukuta wako uufanye mnene, sentimita 60 au hata 80, jua la jioni libaki humo, na upande wa ndani uchonge zidaka za kukaa mtoto. Kitako sentimita 35 mpaka 38 kutoka sakafuni, vitabu juu yake na ubavuni. Hapo ukiulizwa atakaa wapi unaweka kidole.

Nikwambie na namna ninavyojua chumba kwenye kompyuta. Nikimaliza kupima nyumba na kuichora, nalinganisha, nakumbuka nilisimama wapi nikahisi baridi, nilikaa wapi bila kuambiwa nikae, kisha natafuta kipimo cha pale kwenye modeli. Nimejiwekea daftari la vipimo vya mahali nilipopapenda, baraza ya fulani urefu hivi, mlango upana hivi. Wewe uko karibu na nyumba nyingi, nenda na futi kamba.

dada_wa_studio

Nimerudi wakuu, nimechelewa kwa sababu nilikuwa nafanya mlichoniambia.

kusi_kaskazi ilikuwa Boulder kweli. Nilikaa nikaangalia hilo jina kwenye skrini nikashindwa kusema kitu, miaka miwili na nusu nachora majengo ya Tanzania chini ya jua la Marekani. Nimeweka Tanga, nikageuza kiwanja, nikaendesha kivuli kuanzia saa nane mpaka kumi na moja kwa Januari, Aprili, Juni na Oktoba. Ukumbi wangu wa zamani nusu yake mtoto asingeweza kukaa kwa muda wote anaokuwepo.

Nimeufuta. Nimefanya masanduku ya Poligoni siku mbili, mipangilio 17, na sikufuta hata mmoja. Wa 11 ndo umeshika, daka barabarani kwa wenye magazeti, ua katikati wenye mwarobaini ambao upo kiwanjani tayari (mwanzo nilikuwa nimeukata, kwenye modeli ya kwanza haukuwepo kabisa, nilipanda miti ya kupakua juu ya mti wa kweli), alafu vyumba viwili vyembamba vya mita 3.2 vinavyotazamana kupitia ua, madirisha pande zote mbili yanayofunguka ili kaskazi aingie na kusi aingie. Paa nimelirudisha la bati la kawaida lenye mwinuko, limeinuliwa juu ya dari, linatokeza mita 1 kaskazini.

Sasa zidaka. Nilichora cha upana wa sentimita 70, kwenye skrini kikaonekana kizuri. Nikakumbuka dada wa Lamu amesema habari ya futi kamba, nikachora hicho kidaka kwa chaki ukutani kwa mama mwenye nyumba tunayopanga, nikaweka kigoda cha sentimita 36 chini yake nikaongeza na ubao. Mwanae ana miaka tisa. Nikamwambia kaa hapo usome. Alikaa dakika mbili akaenda kumwita rafiki yake wakabanana wote wawili kwenye zile sentimita 70 wakawa wanasoma kitabu kimoja, mmoja anafungua kurasa mwingine anasoma kwa sauti. Sikuwaambia chochote. Nimerudi kwenye modeli nikakifanya sentimita 110, na viwili katika kila vitano nimeviacha vya mtu mmoja kwa anayetaka kuwa peke yake.

Nimetengeneza pia modeli ya kadibodi 1 kwa 50 ya ukuta huo tu, nikaipeleka nje saa kumi jioni nikaielekeza magharibi ya kweli, nikapiga picha kwa simu kupitia kwenye kitundu. Ile picha ya simu ina mwanga mzuri kuliko render zangu zote za mwanzo.

Mzee wangu wa kenchi, shikamoo. Nimeanza kujenga tofali kwa tofali kama ulivyosema na nimekwama pale paa la chumba cha kaskazini linapokutana na la daka, ni kona ya ndani, maji ya paa mbili yanakutana hapo. Nifanyeje?

mzee_wa_kenchi

Marahaba binti. Usiyakutanishe. Hilo la daka lishushe liwe chini ya lile kubwa, sentimita 40 hivi, paa la juu limwagie kwenye gata lake na la chini liwe na la kwake. Hapo hakuna kona. Na hilo pengo la sentimita 40 liache wazi, uweke nondo na wavu wa popo, litakupa hewa.

kusi_kaskazi

Msikilize mzee, hilo pengo litakuletea na mwanga wa juu chumbani bila jua moja kwa moja kama paa la juu umelitokeza vizuri, lijaribu kwa Juni na Desemba.

Kwenye sekshoni ya kukabidhi kata pale pale kwenye ukuta wa magharibi, ukionyesha jua la saa kumi na moja linavyogonga nje, na ndani wachore hao watoto wawili na kitabu chao kimoja, kwa vipimo vyao ulivyowapima. Usipakue watu.